Kwa Nini Kijiti Alinipita?

Kabla hatujaanza somo letu, hebu kumbuka siku ile ya kwanza ulipoingia kidato cha kwanza. Mkumbuke yule mwenzenu aliyekuwa mrefu kuliko wote, mwenye sauti nzito kama baba mwenye nyumba, ambaye mwalimu alimpa ukiranja hata kabla hajamjua jina. Umempata? Basi huyo ndiye mimi.

Sasa mkumbuke na yule mwingine, mdogo, ambaye shati la sare lilimfika magotini na kila mtu akadhani amepotea njia akielekea darasa la tano. Huyo ndiye rafiki yangu. Jina lake nitaliacha. Bwenini tulimwita Kijiti.

Somo la leo linahusu yaliyotupata sisi wawili kati ya mwaka 2012 na 2016, katika shule moja ya bweni mkoani Singida. Nalileta kwenu kwa sababu kila ninapotembelea klabu za afya mashuleni nakutana na kijana anayeniuliza swali ambalo na mimi liliwahi kuninyima usingizi: "Kaka, mwaka juzi nilikuwa naongoza. Mbona sasa wananipita?" Na pembeni yake, kimya, yupo mwingine ambaye hajawahi kuongoza hata siku moja na ameshaacha kujaribu.

Mfalme wa uwanja wa majivu

Uwanja wetu ulikuwa wa vumbi. Chokaa ilikuwa ghali, kwa hiyo mistari ya kukimbilia tuliichora kwa majivu ya jikoni, na ukimaliza mita 100 miguu inakuwa myeupe hadi magotini. Mwaka 2012 hapakuwa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza wala cha pili aliyeweza kunikaribia. Nilikuwa na miaka 13 na nusu, urefu wangu sentimita 168, na nilishaanza kunyoa ndevu kwa wembe wa kuazima. (Usiige! Wembe mmoja, mtu mmoja.) Nikachaguliwa timu ya UMISSETA, nikafika hadi mkoa. Mama alikuwa analima alizeti. Akauza madebe mawili ninunue raba.

Kijiti ndiye aliyekuwa ananibebea raba hizo. Tulizaliwa mwaka mmoja, mimi nimemzidi miezi miwili tu, lakini kichwa chake kilinifika kwapani. Kila jioni alikimbia nyuma yetu, akamaliza wa mwisho, na kila jioni nilimpokea kwa utani ambao leo nikiukumbuka natamani ardhi ipasuke.

Nikiri jambo moja. Sikuwa nafanya mazoezi kumzidi mtu yeyote. Sikuona haja. Mwalimu akigeuka, mimi nakaa chini ya mti. Niliamini nimezaliwa hivyo, na kwamba hivyo ndivyo nitakavyokuwa siku zote.

Saa iliyo ndani ya mwili

Tuache hadithi kidogo tuingie darasani.

Mtoto hukua polepole, halafu unakuja msimu wa kurefuka kwa kasi. Kwa wasichana walio wengi kasi hiyo hufika kileleni karibu na miaka 12, na kwa wavulana karibu na miaka 14. Katika mwaka huo mmoja msichana anaweza kuongezeka sentimita 8 hivi, mvulana 9 au 10. Lakini liangalie vizuri hilo neno "karibu". Kubalehe kwa kawaida huanza wakati wowote kati ya miaka 8 na 13 kwa msichana, na kati ya miaka 9 na 14 kwa mvulana. Maana yake ni hii: wavulana wawili waliozaliwa wiki moja na wanaokaa dawati moja, mmoja anaweza kuwa anakaribia mwisho wa safari wakati mwenzake hajafunga hata kamba za viatu. Na wote wawili ni wazima kabisa, hakuna mgonjwa hapo.

Ubongo ndio unaotoa amri, homoni zinatekeleza. Kwa mvulana, homoni iitwayo testosteroni hujenga misuli, hupanua mabega na huongeza chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Misuli nayo haiji siku moja na urefu. Nguvu nyingi huja miezi kadhaa baadaye, hata mwaka. Ndiyo maana utamwona kijana amerefuka ghafla lakini bado mwembamba kama mwanzi, anajikwaa, anagonga milango, anaangusha vikombe. Nyayo na viganja hutangulia kukua, miguu ikafuata, kiwiliwili kikaja mwisho. Kwa hiyo ukiona viatu vinabana kabla suruali haijawa fupi, jua safari imeanza.

Sasa unaelewa ufalme wangu ulikuwa nini. Nilikuwa mtu mzima nusu, nashindana na watoto. Waliponipigia makofi walikuwa wanaipigia makofi saa yangu iliyowahi kulia, nami nikadhani ni kipaji. Naye Kijiti akadhani hana kipaji, kumbe saa yake ilikuwa bado.

Walimu wa michezo wanaosoma ukurasa huu wanisamehe, lakini hapa ndipo tunapopoteza watoto wengi. Tunawapanga mstari, tunachagua wale wakubwa, wale wadogo tunawatuma kuokota mipira. Miaka mitatu baadaye tunalalamika kwamba vipaji hakuna.

Siku nilipokanyaga shimo

Aprili 2013, nikiwa kidato cha pili, tulikuwa tunacheza mpira baada ya mazoezi. Nikakanyaga shimo la panya. Mguu ukageukia ndani, nikasikia "kach!" Baada ya nusu saa kifundo kilikuwa kimevimba kama embe bolibo.

Sasa sikiliza tulichofanya, maana bado kinafanyika mabwenini hadi leo. Kwanza wakaleta maji ya moto wakanikanda. Pili, mmoja aliyejiita mtaalamu akanichua kwa nguvu, akavuta vidole mpaka nikaona nyota mchana. Tatu, mashindano ya wilaya yalikuwa baada ya siku 12, nami sikutaka mtu mwingine akimbie nafasi yangu. Nikaenda duka la dawa nikanunua diklofenaki, bila cheti cha daktari, nikameza mbili asubuhi ya mashindano bila hata uji tumboni. Nikakimbia. Nikashika nafasi ya pili. Jioni sikuweza kukanyaga chini. Nilichechemea mpaka Agosti.

Makosa yalikuwa wapi? Mguu ukiteguka, kano zinazofunga mifupa hunyooshwa kupita kiasi au huchanika, na mishipa midogo ya damu hupasuka ndani. Maji ya moto na kuchua huifungulia damu hiyo izidi kuvuja. Siku mbili tatu za mwanzo mwili unahitaji kinyume chake: kupumzisha mguu, kuupoza, kuufunga na kuuinua. Barafu ikikosekana, kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungini kinafaa. Ukiwa na barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, izungushie kitambaa, dakika 15 hivi, kisha upumzike saa mbili tatu na kurudia. Bandeji au kipande cha kanga kifungwe kwa kukaza kiasi: vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, legeza mara moja. Ukilala, weka mguu juu ya mto au begi ili uwe juu kuliko moyo.

Usibaki nyumbani ukisema "ni kuteguka tu" kama huwezi kutembea hata hatua nne, kama mfupa wenyewe unauma ukiubonyeza, kama mguu umepinda, au kama kuna ganzi. Nenda kituo cha afya ukapigwe picha ya eksirei. Na kwenu nyie mnaoendelea kukua kuna sababu ya ziada. Karibu na ncha za mifupa yenu kuna sehemu laini ambako mfupa hurefukia. Sehemu hiyo huwa dhaifu kuliko hata kano zinazoizunguka, kwa hiyo pigo ambalo kwa mtu mzima lingetegua kifundo tu, kwa kijana linaweza kuvunja mfupa pale unapokulia.

Na zile dawa? Dawa ya maumivu haiponyi kano. Inazima king'ora huku nyumba inaendelea kuungua. Diklofenaki na jamii yake zinaweza pia kuchubua tumbo hadi kutoka damu, hasa ukimeza tumbo tupu, na kuzidhuru figo, hasa ukikimbia juani bila maji ya kutosha. Meza kwa ushauri wa mtaalamu wa afya, na usimeze kamwe ili ukacheze.

Uvimbe ukipungua, usikae kama mgonjwa wa kulazwa. Anza kuchezesha kifundo taratibu. Mimi nilifundishwa baadaye kuandika herufi A hadi Z hewani kwa kidole gumba cha mguu. Kisha simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki. Unaonekana mchezo wa kitoto, lakini kifundo kilichoteguka husahau kujitambua kimekaaje, na zoezi hili la kujisawazisha ndilo hukifundisha upya, ndipo kisiteguke tena. Usirudi uwanjani mpaka uweze kutembea, kukimbia, kukata kona na kurukaruka kwa mguu huo mmoja bila maumivu. Kalenda ya mashindano haiujui mguu wako.

Mwaka wa kukariri

Kuumia kuliniondolea mbio, na mbio zilipoondoka niligundua kwamba sina kingine. Nilikuwa sijui nijiiteje. Wakati wa prepo nilikaa nimefungua daftari bila kusoma. Matokeo ya mtihani wa taifa wa kidato cha pili yalipotoka, jina langu lilikuwa miongoni mwa wa kukariri. Januari 2014 nikakaa tena na wale waliokuwa wadogo zangu, miguu yangu haiingii chini ya dawati. Kijiti akaenda kidato cha tatu.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mwanangu ada hii ni ya kurudia?" kisha akaenda kuhesabu magunia.

Halafu ikaja Mei 2014, mchujo wa timu ya shule. Kifundo kilikuwa kimepona, nami nikajiambia leo narudisha heshima. Mita 200. Mpaka kwenye kona nilikuwa mbele. Kwenye kunyooka nikasikia pumzi upande wa kushoto, kidogo tu, nikaona suruali fupi na miguu mirefu kama ya korongo inapita. Alikuwa Kijiti. Na nyuma yake wakanipita wengine watatu.

Usiku ule walikuja washauri. Mmoja alisema nimechezewa, kuna mtu kaniroga tangu siku ile ya shimo. Mjomba alipopata habari alinitumia ujumbe kwamba anamjua mganga. Wallahi nusu yangu iliamini, maana mtu akishindwa na jambo asilolijua, uchawi ndio jibu lililo karibu. Nusu nyingine ilitaka kuondoka. Nilikuwa nimeshafunga begi. Binamu yangu alikuwa machimbo ya dhahabu, na kule, alisema, hawaulizi cheti.

Daftari la matroni

Asubuhi niliamkia zahanati ya shule kuomba ruhusa ya uongo, nimwambie matroni kwamba nyumbani kuna msiba.

"Shikamoo matroni."

"Marahaba mwanangu. Begi la nini?"

Nikaanza kudanganya, sauti ikakatika, nikalia. Kijana mwenye ndevu! Matroni hakusema kitu. Alivuta daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila Januari alikuwa anatupima wote uzito na urefu, nasi tulidhani ni usumbufu tu. Akaweka kidole kwenye mstari wangu: mwaka 2012, sentimita 168. Mwaka 2013, 170. Mwaka 2014, 171. Halafu akahamia kwa Kijiti: 146, 150, 157. Akaongeza kwa kalamu kipimo alichompima wiki ile alipokuja na maumivu ya goti: 160.

"Wewe umeshafika," alisema. "Mwenzio ndiyo anakuja. Nani amekuroga hapo?"

Nikamwambia ni mguu. Akasema mguu umechangia, na uvivu wangu pia umechangia, asingenificha. "Lakini hata ungekuwa mzima, hawa wangekukaribia. Wengine wangekupita. Ulikuwa unashindana nao kabla hawajafika."

Sijui kama unaelewa jinsi namba zilivyonituliza kuliko maneno ya faraja. Namba haikuwa inanilaumu wala kunipa pole. Nilirudisha begi.

Hapa nisimame kidogo niongee na wewe uliye katika hali ile sasa hivi. Kuhuzunika baada ya kuumia, kufeli au kuachwa na timu ni kawaida. Lakini huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, ukawa hulali au unalala mchana kutwa, chakula hakipiti, hutaki kuonana na watu, mwambie mtu mzima unayemwamini: matroni, mwalimu wa malezi, shangazi, kiongozi wako wa dini. Na kama wazo la kujidhuru limekupitia akilini, usisubiri wiki mbili. Mwambie mtu leo hii. Mimi nilibahatika kwa sababu uongo wangu ulinipeleka kwenye mlango sahihi. Usitegemee bahati.

Goti la Kijiti

Umesikia matroni akitaja goti? Mshindi naye hakuwa salama. Wiki ileile Kijiti alikuwa na uvimbe mgumu, mdogo, chini kidogo ya pia ya goti. Ukiugusa anaruka. Akipanda ngazi au akipiga magoti, tabu tupu. Wenzake wakasema ni baridi yabisi. Wengine wakasema ni mchezo wa usiku umemmaliza nguvu, upuuzi ambao hauna ukweli wowote: punyeto haiumizi magoti.

Hali hii ina jina: Osgood-Schlatter, kutokana na madaktari wawili, Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi, walioieleza mwaka 1903. Mfupa unaporefuka haraka, misuli ya paja huchelewa kuufuata, ikawa kama kamba iliyokazwa. Kila unaporuka au kukimbia, kano inayotoka kwenye pia ya goti huvuta pale ilipojishikiza juu ya mfupa wa muundi, na pale pako laini bado. Panauma, panavimba. Huwapata zaidi vijana wanaokimbia na kuruka sana wakati wa kukua kwa kasi, na kwa wengi huisha yenyewe ukuaji unapokamilika.

Dawa yake siyo kukatwa wala kuchanjwa. Kijiti aliambiwa apunguze, asiache kabisa: siku tatu za mbio kwa wiki badala ya sita, asiruke viunzi kwa muda, apoze goti baada ya mazoezi, anyooshe misuli ya paja kila jioni, na maumivu yakimlazimisha kuchechemea aishie hapo hapo. Lakini goti likivimba lote, likijifunga, likiuma usiku hata umelala, au ukiwa na homa, hiyo siyo Osgood-Schlatter ya kawaida. Nenda hospitali.

Kijiti alikuwa na akili kuliko mimi. Alitii. Alikosa mashindano ya wilaya mwaka ule kwa hiari yake mwenyewe, jambo ambalo mimi mwaka mmoja kabla nisingelifanya hata kwa fimbo. Tulikaa pamoja pembeni ya uwanja, wote wawili watazamaji, na hapo ndipo nilipomwomba msamaha wa yale matani. Akasema, "Ah, we naye! Nilishasahau." Hakuwa amesahau. Lakini tangu siku ile tukawa marafiki wa kweli.

Na dada zetu?

Msichana husikia hadithi hii kwa namna nyingine. Saa yake hulia mapema, kwa hiyo darasa la sita au la saba anaweza kuwashinda hata wavulana. Halafu nyonga zinapanuka, matiti yanakuja, uzito unaongezeka, na kwa mwaka mmoja au miwili muda wake wa mbio haupungui tena. Wengi huacha michezo hapo hapo. Wanaambiwa wameshakuwa wanawake, uwanja wa nini. Mwili haujaharibika, dada yangu. Unajipanga upya, na ukiendelea na mazoezi nguvu hurudi. Sidiria inayoshika vizuri ni kifaa cha michezo sawasawa na raba, na shule inayonunua mipira inaweza pia kuweka pedi kwenye sanduku la huduma ya kwanza.

Mambo mawili usiyaachie. La kwanza, uchovu usioelezeka, moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo, kizunguzungu: huenda damu imepungua, na hedhi nzito huchangia. Kapimwe. Kula maharage, dagaa, mboga za majani, maini yakipatikana, pamoja na chungwa au embe ambavyo husaidia madini ya chuma kunyonywa mwilini. Chai usinywe pamoja na chakula, maana hupunguza unyonyaji huo. Subiri hata saa moja. La pili, kama unafanya mazoezi makali, unakula kidogo, na hedhi iliyokuwa inakuja imekatika kwa miezi mitatu au zaidi, mwili unakuambia chakula hakitoshi na mifupa yako iko hatarini. Inaweza pia kuwa ujauzito au sababu nyingine. Kwa vyovyote, nenda kituo cha afya ukaulize bila aibu.

Na wote, wavulana kwa wasichana: mwili unakua na kujijenga mkiwa mmelala. Mwenye umri wenu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Najua prepo na kengele ya alfajiri haziruhusu. Basi angalau ile nusu saa ya umbea baada ya taa kuzimwa, itoeni.

Mbio zilizopotea, mbio zilizopatikana

Mwalimu wetu wa michezo alipenda kututajia Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, Bayi alikimbia mita 1,500 akiwa mbele tangu mwanzo mpaka mwisho na kuvunja rekodi ya dunia: dakika 3 na sekunde 32.2. Alikuwa na miaka 20. Kila mtu alimsubiri Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hakukimbia. Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziligoma kushiriki, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu na New Zealand haikuondolewa michezoni. Uamuzi ulikuwa na sababu nzito, lakini aliyelipa alikuwa kijana ambaye hakuwa ametenda kosa lolote.

Miaka minne baadaye, Moscow mwaka 1980, Bayi alionekana tena, lakini katika mchezo mwingine: mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Akapata medali ya fedha. Suleiman Nyambui naye akapata ya fedha katika mita 5,000. Mpaka Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Mimi nilibadilisha mchezo kwa mbali zaidi. Matroni aliniomba nimbebee sanduku la huduma ya kwanza siku za mechi, nikajifunza kufunga bandeji, nikaanza kuuliza maswali ya baiolojia mpaka mwalimu akachoka. Kidato cha pili nikafaulu kwa mara ya pili. Niliendelea kukimbia jioni kwa sababu nilipenda, nikimaliza wa tatu au wa nne, na nilishangaa kwamba inawezekana kufurahia kuwa wa nne. Kijiti goti lilipona, akafika mkoa mara moja katika mita 800, hakuendelea zaidi ya hapo. Leo anafundisha hesabu. Urefu wake ni sentimita 178, na tukikutana ananiwekea mkono begani kama mtu anayeegemea uzio.

Kazi ya klabu

Wiki hii tafuteni ukuta usiopakwa rangi mpya, au nyuma ya mlango wa darasa. Mtu asimame bila viatu, visigino na mgongo vimegusa ukuta, macho yatazame mbele. Mwenzake aweke kitabu chenye jalada gumu juu ya kichwa, kikae sambamba na sakafu, achore mstari kwa chaki, kisha apime kwa futi kamba kutoka chini. Usiandike jina, weka alama yako ya siri, kwa sababu huu si mchezo wa kuchekana. Rudieni baada ya miezi mitatu. Kabla ya kupima tena, kila mmoja ajibu kwenye daftari lake: katika miezi hii viatu vyangu vimebadilika? Muda wangu wa mbio je? Goti, kisigino, mgongo? Ni nani niliyemcheka, na ni nani niliyemwonea wivu, na mistari yetu imepishana kwa kiasi gani?

Pembeni ya kila mstari msisahau kuandika tarehe.